Mwaka wa Kisima cha Mwezini

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mie. Nimeona mashamba ya mihogo ya Kinyerezi yakigeuka mitambo ya umeme. Nimeona mtu aliyenifukuza dukani kwake kwa sababu ya kandambili zangu akija kwangu kuomba kazi, nikampa. Nimeona mashine inayoshona vifungo peke yake, fundi kakaa pembeni anakunywa soda. Sikutikisika. Wenzangu huniuliza nimeutoa wapi moyo huu wa jiwe, na mie huwaambia kwamba mtu aliyesikia kwa masikio yake kitabu kikiita maji, na maji yakatoka bombani mchana kweupe pale Mtoni, huyo hana tena cha kumshangaza. Wanacheka. Acha wacheke, lakini waulize wana cherehani ngapi. Mie ninazo arobaini na mbili, zote za umeme, kiwandani kwangu Gongo la Mboto, na ukisimama barabara ya Pugu asubuhi, watoto wanaopita kwenda shule nusu yao wamevaa mkono wangu. Shule yenyewe niliishia darasa la nne. Juu ya geti nimeandikisha maneno mawili kwa rangi ya bluu: LETENI NDOO. Haipiti wiki bila mtu kusimama na kuuliza bei ya maji.

Si maneno yangu. Ni ya Hamdani mchimba visima, katika kitabu kinachoitwa Kisima cha Mwezini, na kitabu ni cha mwandishi Sudi Mlanzi. Ndivyo nilivyokuwa nikisema miaka yote. Watu wengine wana timu zao za mpira, mie nina waandishi wangu. Nina yule aliyetunga Treni ya Majini, treni isiyohitaji reli na ambayo nauli yake ni kivuli chako, ukishuka unashuka huna. Nina Bi Nyota, sijui jina lake la kweli, aliyetunga Nyuki wa Chuma, nyuki waliotengenezwa na mafundi baada ya nyuki wa Mungu kwisha. Lakini mfalme wao ni Mlanzi. Wote watatu niliwajua mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini, na wala sikuwasoma. Nilisomewa.

Mwaka huo umenirudia wote juzi, baada ya kifo cha Fundi Mbaraka. Nilipopigiwa simu kwamba Mbaraka hatunaye, nilikuwa nakagua robota za kitambaa, nikakaa juu ya robota moja, na pua yangu ikanusa mkaa. Kiwandani kwangu hakuna mkaa. Ulikuwa mkaa wa zamani ule, wa pasi ya chuma yenye jogoo kwenye kifuniko, na nyuma yake ikaja harufu ya kaki mbichi iliyonyunyiziwa maji, na nyuma yake sauti ya mwanamke anasoma.

Kilikuwa chumba kimoja kirefu, Mtoni, ndani ya nyumba ya udongo iliyopigwa lipu ya saruji upande wa mbele tu, ule unaoonekana na wateja. Cherehani tano za miguu zilipangwa ubavuni mwa ukuta. Katikati palikuwa na meza ya kukatia ya Fundi Mbaraka, mtu mrefu, mpole, sigara isiyowashwa mdomoni, ambaye dunia kwake iligawanyika sehemu mbili: vitu vinavyokatika na visivyokatika. Mie nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani, na pasi yangu na jiko langu. Hata jina langu lilipotea mle ndani, niliitwa Pasi. "Pasi, hii imekunjana. Pasi, leta chai." Mbele, kwenye mlango wa barazani penye mwanga, alikaa dada Zuhura. Yeye alinizidi kama miaka mitano. Aliletwa kupinda pindo na kushona vifungo, lakini siku moja redio ya Mbaraka ilikufa, mafundi wakaanza kugombana kwa kukosa cha kusikiliza, na Zuhura akatoa kitabu kwenye kikapu chake akaanza kusoma kwa sauti, ili tu wanyamaze. Walinyamaza. Kesho yake walimzuia asishike sindano.

Sasa hapo pakazuka utaratibu ambao sijauona kwingine, na nimezunguka viwanda vingi. Mafundi wote walilipwa kwa idadi ya nguo. Msomaji hashoni, atakula nini? Wakakubaliana kwamba kila fundi, kila siku, atashona sketi moja kwa jina la Zuhura. Sketi ya kwanza ya asubuhi, wakati mkono una nguvu na macho hayajachoka, ndiyo ilikuwa sketi ya msomaji. Fundi aliyemshonea Zuhura sketi mbovu alisemwa mpaka ajirekebishe. Na mie, ambaye sikuwa na cherehani, nilipiga pasi zile sketi tano kabla ya nguo nyingine zote. Nilizipiga marinda mpaka yakasimama kama karata mpya. Huo ndio ulikuwa mchango wangu, na sijawahi kupiga pasi nzuri kuliko ile, na mnajua nimepiga pasi nyingi.

Vitabu tulikodi kwa Chande, pale sokoni Tandika. Chande alikuwa mfanyabiashara, namheshimu mpaka leo. Alikuwa na vitabu vichache na wasomaji wengi, basi akawa anachana mgongo wa kitabu, anakigawa vipande vinne au vitano, kila kipande anakifunga uzi, na anakodisha kimoja kimoja. Wewe unasoma mwanzo, mwenzako anasoma katikati, mwingine anamalizia, kitabu ni hichohicho kimoja. Shida ni kwamba hukuchagua. Ukifika ukakuta kipande cha pili kimetoka, unachukua cha tatu. Treni ya Majini sie tuliisikia kuanzia katikati, watu tayari hawana vivuli, tukabaki kukisia walivipotezea wapi, na kipande cha kwanza kilipokuja tukajiona kama tunakumbuka jambo lililotutokea wenyewe. Mpaka leo nadhani hadithi yoyote nzuri ianzie katikati. Nyuki wa Chuma ilizua ugomvi wa siku mbili. Fundi Shomari, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko mkasi, alisema asali ya nyuki wa chuma si halali, maana nyuki hana roho. Mwenzake akamjibu kwamba hata cherehani haina roho na kanzu yake ya Ijumaa ameishona nayo. Shomari akashona kimya mpaka adhuhuri.

Mchana tulikula mihogo ya kuchemsha na kachumbari, au chapati na maharage ya nazi kutoka kwa Mama Chiku, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mwenye sauti ambayo ungeweza kuisikia ukiwa umezama. Halafu ulikuja ule wakati baada ya kula, jua limelala juu ya bati, joto la pasi limeungana na joto la Mungu, mvuke unapanda kutoka kwenye kaki, na zile cherehani tano zinakwenda pamoja, tuku-tuku-tuku, mpaka huzisikii tena. Katika mvuke ule ndimo alimoingia Hamdani. Sauti ya Zuhura haikuwa kubwa. Ilikuja kwa vipande katikati ya miguu ya mafundi, nami niliifuata kama mtu anayefuata mtu sokoni, inapotea, inatokea, inapotea. Nilikuwa nimesimama Mtoni, lakini miguu yangu ilikanyaga vumbi jeupe.

Hadithi yenyewe ni hivi, kwa ambaye hakubahatika. Hamdani ni mchimba visima hodari, hajawahi kukosa maji. Watu wa mwezini, ambao ni wembamba na wapole na wanaongea polepole kwa sababu ya kiu, wanakuja kumchukua. Wanamwambia, tuchimbie kisima, ukipata maji tutakurudisha kwenu. Anachimba. Mwezini hakuna tope, kuna vumbi tu na baridi, na nyota zinaonekana mchana. Kila anavyoshuka, wale watu wanakaa ukingoni na ndoo zao tupu, wanamtazama. Hawamsukumi, hawamlaumu. Wanangoja tu. Anachimba mpaka ndevu zinaota mvi. Na jinsi anavyokwenda chini, anaanza kuona mwanga ukitokea chini, si juu. Kipande cha tatu kiliishia hapo: Hamdani, akining'inia kwenye kamba yake, ametoboa, anachungulia kwenye tundu, na chini yake kabisa, mbali, anaona uwanja wa nyumba yao, na mama yake anafagia.

Siku ile hakuna aliyeondoka kwa wakati. Hamdani afanyeje? Akichungulia anaona kwao. Maji nayo anayasikia, yako ndani ya ukuta wa kisima, bado pigo moja la sururu. Lakini lile tundu linamvuta, na akipiga sururu maji yatapanda na kumfungia njia. Shomari akasema mwanaume hawezi kumwona mama yake akafanya mengine, ataruka. Wengine wakasema atapiga sururu. Mie nikainamia pasi yangu, kwa sababu lile halikuwa swali la Hamdani tu. Kaka yangu alikuwa ameshaagiza mara mbili nirudi Nachingwea tukalime korosho. Mjini nilikuwa na nini? Vidole vilivyoungua na jina la chombo. Begi langu lilikuwa limefungwa, liko chini ya meza ya kupigia pasi. Nilijua ninataka nini asubuhi, na jioni nilitaka kinyume chake. Basi nilipompelekea Zuhura sketi zake zilizopigwa pasi nikamwuliza Hamdani anaishiaje.

"Nitajuaje?" akasema. "Chande hajarudishiwa kipande cha mwisho."

"Akirudi kwao, da Zuhura, na mie narudi kwetu. Nimeshaamua."

Alinitazama kidogo, akatazama chini ya meza, akaliona begi. "Sketi hii hapa rinda moja limelala," akasema, akanirudishia.

Kipande cha mwisho kilikuja msimu wa sare, ule wa kabla ya shule kufunguliwa, ambapo hata kula tulikula tumesimama. Kilikaa siku nzima mezani bila kuguswa kwa sababu ya kazi. Kesho yake, baada ya alasiri, Shomari akasema bila kisima hashoni tena, na wenzake wakaondoa miguu kwenye kanyagio. Zuhura akachukua karatasi zake, akavuta kigoda mpaka kizingitini, akatugeuzia ubavu, cherehani zikaanza polepole. Nikageukia pasi yangu. Nakumbuka aliposoma mambo ya baridi, na wale watu wa ukingoni walivyoimba wimbo usio na maneno. Nakumbuka nilipogeuka kuchukua maji ya kunyunyizia, niliona doa la jua mapajani mwake. Lilikuwa na umbo la ajabu, limejipinda kama mwezi mchanga, na kila alipofungua karatasi lilicheza. Nikasema moyoni, ule ndio mwanga wa kisimani. Nilikuwa na miaka ishirini, nimelewa joto na hadithi.

Alisoma kwamba Hamdani aliishika kamba kwa mikono miwili. Akamtazama mama yake mara ya mwisho. Kisha Zuhura akanyamaza, kimya kirefu, nikaona hata mgongo wake umenyooka. Halafu akasoma kwamba Hamdani alipiga sururu, ukuta ukapasuka, akainua uso kuelekea kwa wale watu waliokuwa wakimngoja miaka yote, akasema: "Leteni ndoo."

Mafundi walisimamisha miguu, wote kwa pamoja. Na katika kimya kile, nje, barazani kwa watu, uani, njia nzima, tukasikia: maji yametoka, leteni ndoo, leteni ndoo. Bomba lilikuwa kavu tangu wiki iliyotangulia. Sitaki kuapa, lakini naweza. Tulitoka mbio na kila kilichoweza kubeba maji, Shomari amebeba beseni la pamba akalimwaga njiani, na pale bombani nilisimama nikayatazama yakianguka, meupe, yanapiga chini, na nilijua yametoka wapi. Nikajimwagia kopo zima kichwani na nguo zangu. Waliobaki ni Fundi Mbaraka, na Zuhura pale kizingitini. Niliporudi nilimkuta amesimama kwenye meza ya kukatia, kiganja mdomoni, sigara imeanguka, anamtazama Zuhura kama mtu aliyeona meli ikipaa. Nikasema, kumbe na yeye ameamini. Jioni ile nilifungua begi.

Yaliyofuata mnayajua, au mtayasikia kwangu mahali pengine, kwa kuwa si siri. Nilijifunza kukata kwa Mbaraka, nikajifunza kusoma vizuri kwa vipande vya Chande, nikanunua cherehani ya kwanza, ya kumi, nikafika nilipo. Zuhura aliolewa, akahamia Tanga, tukapotezana. Kila palipokuwa pagumu, benki wamegoma, mvua imeingia stoo, nilijiambia yale maneno mawili, na sikuyaogopa magumu, maana mwandishi aliyeweza kuyatoa maji Mtoni hakushindwa kunitoa mie shimoni. Nilimsifu Sudi Mlanzi kwenye harusi, kwenye vikao, hata mbele ya mkuu mmoja aliyekuja kukagua kiwanda, ambaye alidhani ni mganga wangu.

Basi juzi nikaenda Mtoni kumzika Mbaraka. Nyumba ile sasa ina ghorofa moja na vigae. Baada ya maziko tulikaa wanaume kwenye mikeka chini ya turubai, wali na maharage umepita, na watu wakaanza kukumbuka mema ya marehemu. Zamu yangu nikawapa kisa cha kisima. Nilikitoa vizuri kuliko siku zote. Vijana waliacha simu zao. Nilipomaliza nikainuka kwenda kunawa, na pale penye masufuria nikamwona mama mmoja mnene, miwani, ushungi mweupe, ananitazama huku anajizuia kucheka. Nilimjua kwa jinsi alivyokaa ubavu.

"Shikamoo da Zuhura."

"Marahaba, Pasi. Umekuwa mkubwa wa tumbo." Akanipa kata ya maji. "Hicho kisa unakisimuliaga hivyo siku zote?"

Nikamwambia siku zote, na getini nimekiandika. Akaacha kucheka. Akaangalia upande wa wanaume, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa mwenyewe tumeshamzika, anaweza kusema. Kile kipande cha mwisho, kilipolala mezani siku nzima, Mbaraka alikikata. Alikuwa anatafuta karatasi ya kukatia kielelezo cha kola, msimu umepamba moto, akaona karatasi zisizo na jalada, safi, zinapishana vizuri, akakunja zote pamoja akapitisha mkasi. Mtu ambaye kwake kila kitu ama kinakatika ama hakikatiki. Zuhura alipozichukua alikuta katikati ya kila ukurasa pana tundu la kola.

"Alinitazama, Pasi, kama mtoto aliyevunja chungu. Ningesema, Shomari angemla mzima. Nikasoma vilivyobaki pembeni, na penye tundu nikaweka vyangu."

"Na leteni ndoo?"

"Leteni ndoo ilikuwa tundu." Akainua mabega. "Nilikwama hapo. Sina la kusema, nyie mnangoja. Mie nilikuwa mlangoni, nyie mko ndani na cherehani zenu. Nikamsikia Mama Chiku kule anaita watu na ndoo. Nikaliokota hilohilo."

Nilisimama na ile kata mkononi. Doa la jua lililojipinda kama mwezi mchanga. Kola. Mie ninayekata kola elfu kwa mwezi. Nilimwambia si kweli. Akaniambia niamini ninavyotaka, wali wa jioni unaungua, akaenda zake.

Nilichoweza kufanya ni kutafuta kitabu kizima, na nilikitafuta kama mtu anayetafuta hati ya nyumba. Tandika hawamjui Chande. Posta wananionyesha vitabu vya mitihani. Hatimaye kijana mmoja akanielekeza Kinondoni, kwa mwalimu mstaafu anayeitwa Ndosi, mzee wa Kipare ambaye nyumba yake ina mchwa, na ambaye kwa sababu hiyo anahifadhi vitabu kwenye friji mbovu. Alifungua mlango wa friji sebuleni kwake kama anataka kunipa soda, na mle ndani, mahali pa mayai, nikawaona waandishi wangu wamepangwa, Bi Nyota juu, Treni chini yake. Kisima cha Mwezini kilikuwa kwenye droo ya mboga. Akataja bei. Nilijua ni ya wizi. Mie hupunguza bei hata ya sindano, lakini siku hiyo nilitoa pesa nikaondoka.

Nilisoma ndani ya gari, kiyoyozi kimewaka, pole pole, kidole chini ya mstari kama nilivyozoea. Ukurasa wa mwisho kabisa wa kisa: Hamdani anaachia kamba. Anaanguka kwa muda wa sala nzima, anatua kwao, mama yake anaacha ufagio, anampakulia chakula. Kisima kinajifunga juu yake. Wale watu wa ukingoni hawatajwi tena. Sudi Mlanzi, mfalme wangu, aliwaacha pale na ndoo tupu, akaandika MWISHO. Nilikaa Kinondoni mpaka dereva wa nyuma akanipigia honi. Jambo la kwanza nililoliona, nawaambia kweli, lilikuwa begi. Lingetoka chini ya meza jioni ile. Ningekuwa Nachingwea, na pengine ningekuwa mtu mzuri tu, sijui. Jambo la pili nililiona baadaye kidogo, nikarudi Mtoni nalo.

Zuhura alikuwa bado hajarudi Tanga, yuko kwa binti yake, anachambua mchele. Nikamwuliza, lile tundu la kola lilianzia wapi kwenye ukurasa ule. Akasema katikati, juu palibaki mistari kadhaa. Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha mistari ya juu. Ya kwamba Hamdani aliachia kamba iko mstari wa kwanza kabisa. Haikukatwa. Aliiona, akasoma kwamba ameishika.

Akavua miwani akaifuta kwa ushungi, akaivaa, akasoma ule mstari bila sauti. Mchele ukamwagika kidogo kutoka kwenye ungo.

"Ulikuwa umefunga begi," akasema. "Nani angenipigia pasi sketi zangu?"

Nimesema hakuna kitu kinachoweza kunishangaza, na siyafuti maneno yangu. Ila nilikaa chini, sakafuni, na suti yangu ya mazishini, kwa kuwa hapakuwa na kigoda kingine, na kwa muda sikuwa na la kujisifia. Miaka yote nilimsifu mwandishi wangu kwa watu, na mwandishi wangu alikuwa Tanga anauza vitumbua. Kisha nikamwomba jambo moja kabla hajapanda basi. Aje Gongo la Mboto awasomee mafundi wangu. Akauliza asome kipi, cha Mlanzi au chake. Nikamwambia mie nitakuwa nimegeukia pasi, asome anachoona. Akasema anakuja, lakini kwa utaratibu wa zamani, hataki bahasha.

Alikuja Jumamosi. Alikataa kipaza sauti, akasema wanaotaka kusikia watashona polepole, na walishona polepole, mabinti na vijana ambao siku nyingine hawawezi kukaa bila nyimbo masikioni. Aliomba kiti kizingitini. Nikamwambia kijana wa pasi akapumzike, nikavua koti, nikasimama mwenyewe kwenye meza, nimewapa mgongo. Ni pasi ya umeme, haina harufu, lakini mvuke ni uleule. Alisoma kutoka mchana mpaka jua likaegemea mabati. Kitabu kilikuwa kizima, hakina tundu hata moja. Alipofika mahali pa kamba nilisimamisha mkono. Hamdani akaishika kwa mikono miwili. Akapiga sururu. Akainua uso kwa wale watu. Na Zuhura aliposema yale maneno mawili, mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, na nilipogeuka niliwakuta mafundi wangu wote wamegeuza shingo, wanalitazama geti.

Mhasibu wangu, mtoto wa chuo, aliniuliza gharama ile aiandike kwenye fungu gani. Nikamwambia aandike ndoo. Kitabu cha Mwalimu Ndosi, shilingi elfu sitini. Sketi za msomaji, moja kwa kila fundi, arobaini na mbili, nilizozipiga pasi kwa mkono wangu na kuzinunua papo hapo kwa bei ya dukani, elfu kumi na nne kila moja, pesa mkononi mwa Zuhura. Jumla laki sita na elfu arobaini na nane, na sikuomba apunguze hata shilingi.